Sijambo Sitini na Moja

Ipo nchi. Jina lake nimelisahau kwa makusudi, na ramani yake nimeikunja. Ninachoweza kuapa ni kwamba si nchi yako wewe unayesoma, na ukiona mahali inafanana na kwako, basi tatizo ni macho yako, nenda kayapime.

Katika nchi hiyo Rais haitwi Rais. Ibara ya pili ya Katiba inamwita Mzima wa Kudumu. Ibara ya kwanza inasema nchi ipo, na ya tatu inasema hakuna ya nne.

Siku moja Mzima wa Kudumu alitembelea Idara ya Nyaraka. Mlangoni alimkuta karani, na kwa unyenyekevu wake unaosifiwa redioni kila baada ya taarifa ya habari, akamsalimu: "Hujambo?"

"Sijambo, Mheshimiwa," karani akajibu.

Saa nane mchana karani yule akaanguka akafa.

Wewe na mimi tungesikitika tu. Mzima wa Kudumu alisikitika pia, ila kwa sababu nzito zaidi: alikuwa amedanganywa. Mtu aliyebakiwa na saa nne za kuishi alimtazama Mkuu wa Nchi usoni akamwambia kwamba hana jambo. Karani akafukuzwa kazi siku ya maziko yake. Barua ilisomwa kaburini, na mjane akatakiwa aombe radhi kwa niaba ya marehemu. Aliomba. Walioshuhudia wanasema aliomba vizuri sana.

Wiki hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Ukweli katika Salamu Makazini. Waziri wa Uzima, Mheshimiwa Fumbuka Malembo, aliieleza kwa saa tatu uwanjani. Nimebakiwa na kipande kimoja tu kichwani: "Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi taifa hili limejengwa juu ya sijambo zisizo na ushahidi! Kuanzia leo, sijambo ni kiapo! Mwajiri ana haki ya kujua yaliyomo ndani ya mfanyakazi, kama mnunuzi wa nazi!"

Tulipiga makofi. Kulikuwa na askari waliohesabu makofi.

*

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kwenye lango la kila ofisi anakaa Afisa Salamu na daftari kubwa. Ukifika asubuhi anakuuliza, "Hujambo?" Ukisema sijambo, anaandika, unatia sahihi, unaingia. Ukisema una jambo, huingii, kwa kuwa serikali haiajiri wagonjwa. Unarudisha funguo za nyumba ya kazi, kisha unapelekwa Kambi ya Nafuu. Kambi ile ina mafanikio makubwa. Tangu ifunguliwe, hajarudi hata mtu mmoja kulalamika.

Kila baada ya miezi mitatu wafanyakazi wanapimwa damu, na majibu yanalinganishwa na daftari. Damu ikisema una ugonjwa ilhali wewe ulisema sijambo, kila sijambo inakuwa kosa peke yake. Bwana Ndauka, dereva wa Idara ya Mizani, alikutwa na malaria pamoja na sijambo arobaini. Alisimama kizimbani akitetemeka. Hakimu akaandika kuwa kutetemeka ni dalili ya hatia, daktari akaandika kuwa ni dalili ya malaria, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile mihimili miwili ya dola ikakubaliana. Hatujamwona tena. Mkewe alipokwenda kuuliza, aliulizwa kwanza yeye hajambo?

Watu walijaribu kujiokoa. Iligunduliwa kwamba "marahaba" haina ahadi yoyote ya afya, kwa hiyo kila mtu akawa anamwahi mwenzake kwa "marahaba" au "shikamoo", ilimradi asiulizwe hali. Jirani yetu Bi. Mboni, mwenye miaka themanini, alimwamkia mtoto wa chekechea shikamoo mbele ya macho yangu. Mtoto akaitikia "marahaba" kwa sauti nzito kama mkuu wa wilaya. Baada ya siku tisa ukatoka waraka unaokataza jambo hilo, na hapo watu wakaacha kusalimiana kabisa.

Sijui kama umewahi kukaa mtaa usio na salamu. Unakutana na jirani kisimani, anakiangalia kiatu chake, nawe unakiangalia cha kwako. Wauza maandazi wanapita bila kuita. Unasikia ndoo zikigongana tu. Mimi ni mtu wa bweni, nimelala miaka minne na wasichana arobaini waliokuwa wakipiga kelele hata usingizini, lakini ukimya ule ulinifanya nivute shuka mpaka kichwani mchana kweupe.

*

Nilikuwa likizo kwa shangazi yangu, Sikudhani. Yeye ni Mkaguzi wa Mizani. Kazi yake ni kuzunguka masokoni na begi la mawe ya shaba, robo kilo, nusu kilo, kilo, na kuyaweka kwenye mizani za wachuuzi. Mizani ikisema kweli anaigonga mhuri. Ikidanganya, anaivunja mbele ya watu. Wachuuzi wa vitunguu wanamwogopa kuliko mvua. Sikuwahi kumwona yeye akiogopa kitu mpaka Jumapili ile, saa nane mchana.

"Mtoto wa kaka, funga mlango."

"Na joto hili, shangazi?"

"Funga, nimesema."

Akatoa kopo la pilipili manga, akalimwaga juu ya gazeti. Kati ya punje nyeusi vikatoka vidonge vyeupe.

"Ni nini hivyo?"

"Dawa ya sukari." Alinong'ona kama vidonge vyenyewe vina masikio. "Kuna muuguzi alinipima jikoni kwake. Usiniulize jina. Kumi na sita, Zawena. Mtu mzima anatakiwa tano, sita hivi."

"Tangu lini?"

"Ningejuaje? Kiu ninayo tangu kabla ya mfungo. Miguu inachoma kama nimesimama kwenye siafu. Juzi nimesoma mizani ya samaki, nikaona tarakimu zinaogelea. Nikajiambia ni uchovu. Na kila asubuhi Mkwiche ananiuliza hujambo, nami nasema sijambo." Akavikusanya vidonge kimojakimoja. "Nimehesabu. Sitini na moja."

"Ndauka walimfunga kwa arobaini."

"Asante kwa kunikumbusha."

"Wanapima lini?"

"Jumatano. Nimeanza dawa juzi. Muuguzi anasema itachukua wiki kadhaa kuishusha."

Mimi nina uzoefu kidogo wa udanganyifu wa kitabibu. Kidato cha pili nilikichovya kipimajoto cha metroni ndani ya uji ili nikwepe zamu ya shamba. Kikasoma nyuzi arobaini na tatu. Metroni akaniambia kwamba kwa joto hilo nimekwisha kufa, na maiti haina udhuru, akanipa jembe. Hata hivyo nilijitolea.

"Shangazi, tuwape damu yangu."

"Wanachoma kidole wenyewe. Utakikata chako nikitie mfukoni?"

"Basi sema kesho una jambo."

Alinitazama mpaka nikajutia kuzaliwa.

"Niende Kambi ya Nafuu? Na wewe ada yako ya bweni alipe nani, Bi. Mboni?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani, akaziba uso kwa khanga. Nilisogea nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa ukitetemeka, na nikakumbuka alichoandika hakimu kuhusu kutetemeka.

*

Jumatano familia zote zilialikwa kwa lazima ili zishuhudie uzima wa wapendwa wao. Tulipangwa uani mwa Idara ya Mizani. Katikati ilikuwa mashine mpya ya kupimia sukari ya damu kutoka ng'ambo, inang'aa, ina kidirisha cha tarakimu na mdomo mdogo wa kunywea damu. Waziri Malembo alikuwa ameweka mkono juu yake kama baba wa bwana harusi.

"Hii inaitwa Ukweli Mtupu!" alitangaza. "Nimeichagua mwenyewe! Haijui hongo, haijui undugu, haijui huruma!"

Dakta Pingili, mpimaji mkuu, akavaa glavu. Bwana Mkwiche, yule Afisa Salamu, akafungua daftari lake. Alikuwa kijana wa mazoezi, shingo kama kinu, na alizifunua kurasa zake kwa raha ya mtu anayemenya chungwa.

"Sikudhani binti Athumani. Sijambo sitini na nne, pamoja na ya leo."

Shangazi akasogea. Dakta Pingili akashika kidole chake, akainua sindano.

"Samahani, Dakta," shangazi akasema. Sauti ilimtoka nyembamba kama si yake. "Mashine hii ina mhuri?"

"Mhuri gani?"

"Wa Idara yetu. Sheria ya Vipimo, kifungu cha nne. Chombo chochote cha kupimia hakitumiki kabla hakijapimwa."

Baadaye aliniambia kwamba hakuwa na mpango wowote. Alitaka siku mbili tu, ili dawa ifanye kazi kidogo. Lakini kumtajia Waziri kifungu ni kama kumwonyesha mlevi chupa. Macho yalimmetameta.

"Nchi hii ni ya sheria!" akanguruma. "Ipimwe! Inapimwaje?"

"Mizani ya kilo, Mheshimiwa, tunaiwekea jiwe ambalo tunajua hakika ni kilo. Sasa hii..." Aliigusa mashine. "Hii itahitaji mtu ambaye tunajua hakika ni mzima."

Kwanza watu walitazamana, halafu wakaacha, kwa sababu kumtazama mtu ni kama kumpendekeza. Nani angejitokeza? Na nani angekataa, wakati kila mmoja pale alikuwa ametia sahihi asubuhi hiyohiyo kwamba hajambo? Waziri mwenyewe alianza kukohoa, akakumbuka, akakimeza kikohozi kikiwa kizima. Machozi yalimtoka.

"Ibara ya pili," hatimaye akasema kwa shida. "Katika nchi hii yupo mmoja tu ambaye uzima wake umeandikwa kwenye Katiba."

Nikaona shangazi anafumba macho. Alikuwa ameomba siku mbili, akapewa Rais.

*

Tone la damu lilifika Ijumaa. Lilikuja ndani ya kichupa, kichupa juu ya mto wa hariri, mto ndani ya gari la wazi, mbele pikipiki kumi na mbili, nyuma bendi ya polisi. Shule zilifungwa watoto wapunge bendera. Mtangazaji wa redio alisema tone lilionekana lenye afya na lilimpungia kila mtu.

Dakta Pingili aliliweka mashineni kwa mikono miwili. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaandika.

Daktari akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaketi chini, juu ya vumbi, na suruali yake nyeupe.

"Ngapi?" Waziri akauliza.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba ni vizuri?"

Daktari akaangalia glavu zake. Mimi nilikuwa karibu, niliona jasho likimdondoka puani. Hata kwa akili yangu ya kidato cha nne nilielewa kwamba yapo majibu mawili, na kila moja lina kaburi lake. Ukisema mashine imekosea, Waziri aliyeichagua mwenyewe amemdanganya Mzima wa Kudumu. Ukisema haijakosea, basi Mzima wa Kudumu, anayelisalimu taifa redioni kila asubuhi kwa "mimi sijambo, ninyi je?", yeye ndiye... Sentensi hiyo sikuimaliza hata moyoni, na hapa siimalizi.

Askari wa lango walianza kusogea karibu, bila kuagizwa na mtu.

"Mkaguzi!" Waziri aligeuka. Uso wake ulikuwa umepauka, na ndipo nilipojua kwamba anaogopa kuliko sisi. "Wewe ndiye mwenye sheria. Sheria inasemaje? Sema haraka."

Shangazi alikuwa ameshika mhuri. Wino ulikuwa umemrukia kwenye blauzi.

"Jiwe halikosei, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Kama tumekubaliana kwamba jiwe ni kilo, basi ni kilo. Mizani ndiyo inayolifuata jiwe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kumi na saba ndiyo... ndiyo uzima wenyewe."

Pumzi ya watu wote ilitoka kwa pamoja. Dakta Pingili aliinuka akipiga makofi, Waziri akapiga, askari wakarudi langoni. Shangazi akaibandika mashine mhuri, pa! Hakuna aliyecheka. Mimi, ninayecheka hata msibani, sikucheka.

Wakaanza kupima papo hapo, kwa kipimo kipya. Waziri akataka mfano bora utangulie, akamwita Bwana Mkwiche. Kijana alinyoosha kidole kwa majivuno.

"Tano nukta moja," akasoma Dakta Pingili, na sasa sauti yake ilikuwa imara. "Upungufu mkubwa wa uzima. Pungufu kumi na mbili."

"Dakta, mimi ni mzima!" Mkwiche alishtuka. "Nakimbia kila siku! Sijawahi kuumwa hata jino!"

"Sijambo zake ni ngapi?" Waziri aliuliza.

Hakukuwa na wa kujibu, maana mwenye daftari alikuwa yeye. Ikabidi asome mwenyewe, kidole kikishuka kwenye ukurasa, midomo ikihesabu. Mia mbili na nane, kwa kuwa alijisalimu mwenyewe kila asubuhi na jioni, kwa uaminifu. Walipomkamata alimgeukia shangazi.

"Dada Siku, waambie! Wewe unajua! Waambie, dada!"

Shangazi aliangalia kiatu chake.

Yeye alipimwa wa pili. Kumi na sita nukta nne. Dakta Pingili alipaza sauti: "Karibu kabisa na Mheshimiwa!" Wakamvisha shada la karatasi wakampiga picha. Picha hiyo imetundikwa ukumbini, chini yake pameandikwa Mfanyakazi Mzima wa Mwaka. Ukiitazama kwa haraka unaona mama anatabasamu. Ukisimama kidogo, unaona ameng'ata meno.

*

Sasa nchi nzima inatafuta uzima. Ofisini chai inakorogwa mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Wafanyakazi wanakunywa asali kwa vikombe, wanatembea na miwa ndani ya mikoba, wanaulizana kwa woga, "Umefika ngapi?" Mchezaji mmoja wa timu ya taifa alijificha darini wiki nzima ili asionekane anakimbia. Wizara imetoa kiwango: chini ya kumi na mbili ni kesi. Daftari la salamu liko palepale, Afisa Salamu mpya ni mnene na ana kiu muda wote.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa kinyume. Shangazi alikuwa anameza dawa yake kimyakimya, na dawa, kwa ujinga wake wa kutofuatilia siasa, ikawa inafanya kazi. Miguu iliacha kuchoma. Asubuhi moja alisoma tangazo dogo la gazeti bila kulisogeza mbali, akashangaa, akanisomea lote, lilikuwa la mtu aliyepoteza mbuzi. Siku hiyo aliimba akipika. Jioni yake alikwenda kwa muuguzi akarudi ameshikilia ukuta.

"Tisa," alisema.

"Tisa si nzuri, shangazi?"

"Nzuri sana. Ni miaka saba jela."

Halafu yule mvunja mizani wa zamani akaamka ndani yake, akachukua kalenda na penseli. Wanapima kila siku ya tisini, akasema. Siku sitini atameza dawa, thelathini ataacha na kunywa chai ya ofisini. Sukari itapanda, atapimwa, atapita, kisha ataanza tena. Akachora mstari mwekundu chini ya siku ya sitini.

"Na zile thelathini?" nikauliza. "Macho yako? Miguu?"

"Nitavumilia."

"Mara nne kwa mwaka?"

"We mtoto, hukufundishwa kunyamaza huko bwenini?"

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikifunga sanduku la kurudi shule. Shangazi aliketi mezani, begi lake la mawe ya shaba miguuni, kikombe cha maji mkononi. Alitoa kidonge kwenye kopo, akapuliza vumbi la pilipili, akakiweka ulimini. Redio ilikuwa wazi. Wimbo ukakatwa, Waziri Malembo akaingia.

"Ndugu wananchi! Imebainika kwamba wapo wafanyakazi wanaojiandaa kwa vipimo, yaani wanakuwa wazima kwa ratiba! Kuanzia sasa hakuna tena siku ya tisini. Mashine itapita siku yoyote, saa yoyote, ofisini na majumbani..."

Shangazi hakusogea. Kikombe kilibaki nusu ya njia kwenda mdomoni. Dawa ile ni chungu, najua, niliwahi kuionja, na haingoji maji. Huanza kuyeyuka yenyewe. Niliona shavu lake likijikunja kwa uchungu, macho yamenikazia mimi, makavu, yanaona vizuri kabisa.

Hakutema, na hakumeza. Nje, mahali fulani mwisho wa mtaa, gari lilisimama. Nami nilikuwa nikilitazama koo lake.